Tovuti ya muuza dagaa hupimwa kwa bando la mnunuzi

Anayetaka dagaa wa Kigoma kwa jumla hajakaa mezani na kompyuta. Yuko Tandika au Buguruni jijini Dar es Salaam, amesimama, simu mkono mmoja, bando lake la siku. Ana maswali matano: hawa ni dagaa wa kichanja au wa mchanga, bei ya leo ngapi, wanauzwa kwa kilo au kwa gunia, mzigo utanifikia kwa njia gani, na nimpigie nani. Kazi ya kutengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo wa Mwanga, Kibirizi na Ujiji, hapa Kigoma, inaanzia hapo na kuishia hapo. Ukurasa unaojibu hayo matano kwa uzito wa kilobaiti 150 humfaa mwenye duka kuliko ule wa megabaiti 6 wenye picha zinazojisogeza zenyewe. Hata mwenye duka akiusifu huo wa pili siku ya kwanza, mimi bado nitamtetea mnunuzi wa Tandika.

Hesabu yake si ngumu. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabaiti 6 ni megabiti 48. Mtandao ukishuka hadi megabiti 1 kwa sekunde, kama unavyoshuka jioni watu wakishatoka kazini, ukurasa huo unadai sekunde 48. Ule wa kilobaiti 150 unadai sekunde moja na ushei. Juu ya hapo kuna muda wa kivinjari na seva kupigiana hodi: kutafuta anwani, kufungua njia, kukubaliana namna ya kusimba mazungumzo, ndipo ombi lenyewe liende. Kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, safari moja kutoka Kigoma inakula zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde hata mambo yakiwa shwari, na mtandao wa simu huongeza wa kwake. Seva nyingi zikianza kutuma hupeleka pakiti kumi kwanza, yaani kama kilobaiti 14, kisha husubiri simu iseme imepokea. Ndiyo maana jina la biashara, bei na namba ya simu nataka viingie ndani ya kilobaiti 14 hizo za mwanzo. Mtandao ukikatika baada ya hapo, mnunuzi ameshapata alichokifuata.

Picha ndizo zinazobeba karibu uzito wote, na ndizo zinazokosewa zaidi. Simu ya kawaida ya leo hutoa picha ya megabaiti 3 hadi 5. Weka nane kama zilivyo, umemtwika mtu megabaiti 30 hivi ili aone samaki wa urefu wa kidole. Mwenye duka akuletee picha kwa WhatsApp kama dokumenti, asizitume kama picha. Zikitumwa kama picha, WhatsApp inazipunguza na kuzibana. Ukizibana tena wewe, ngozi ya dagaa inageuka ukungu na mteja hawezi kujua kama ni wazima au wamevunjika vichwa. Ukishapata ile halisi, ikate ibaki sehemu inayouza, ipunguze hadi upana wa pikseli 1000, kisha ihifadhi kama WebP au JPEG kwa ubora wa 70 hadi 75. Squoosh, zana ya mtandaoni ya kubana picha, inayafanya yote hayo ndani ya kivinjari bila kupandisha picha kwenye seva ya mtu. Lenga chini ya kilobaiti 80 kwa kila picha.

Ikigoma kushuka, tazama kilicho nyuma ya samaki. Mchanga, nyasi na nyavu vina vijichoro elfu, na vijichoro ndivyo vinavyokula kilobaiti. Tandaza dagaa kwenye sinia jeupe au kitambaa cha rangi moja, utaona faili linavyopungua bila ubora kuguswa. Piga saa 1 au saa 2 asubuhi, jua likiwa la ubavuni. Jua la saa 6 mchana huwafanya wang'ae hadi wapoteze umbo. Weka sarafu ya shilingi 200 kando yao, kwa sababu kila mnunuzi anaujua ukubwa wake. Hapo huna haja ya kuandika "wakubwa" wala "wa kati", maneno ambayo kila muuzaji anayapima kwa jicho lake.

Jambo moja kuhusu picha watu hulisahau, nalo ni la usalama. Kama kamera imeruhusiwa kusoma mahali, picha hubeba ndani yake latitudo na longitudo ya pale ilipopigwa. Mama anayepaki mizigo uani kwake hapaswi kutangaza nyumba yake kwa kila apakuaye picha ya gunia. Programu nyingi za kubana picha hufuta taarifa hizo, lakini usibahatishe: fungua sifa za faili la mwisho uhakikishe hazimo.

Kisha iandikie kila picha upana na urefu wake ndani ya HTML, lugha inayoandikiwa ukurasa wenyewe. Usipoandika, kivinjari hakijui kiache nafasi kiasi gani, na picha ikifika inasukuma maandishi chini. Mtu aliyekuwa anakaribia kugusa "Piga simu" anajikuta amegusa kitu kingine. Picha za chini ya skrini zipewe sifa ya loading="lazy" ili zipakuliwe mtu akizikaribia tu. Ile ya kwanza ya juu usiipe, maana utaichelewesha bure.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikalegea. Siku kama zile ndizo zinazoonyesha ukurasa umeegemea kuta za nani. Ukichota fonti kutoka seva moja, vialama kutoka nyingine na maktaba ya JavaScript (msimbo unaoupa ukurasa vitendo) kutoka ya tatu, kukwama kwa yoyote kati yao ni kukwama kwako. Kwa fonti peke yake, vivinjari vikubwa vinaweza kuficha maandishi hadi sekunde 3 vikiisubiri ifike. Mimi naacha simu itumie fonti iliyokuja nayo. Haigharimu hata kilobaiti moja, na sijaona mtu akiacha kununua dagaa, au mawese yanayouzwa pamoja nao, kwa sababu ya umbo la herufi. Kinacholazimika kuwapo nakiweka kwenye seva ileile ya tovuti.

JavaScript ina dhambi yake nyingine. Kilobaiti 100 za picha na kilobaiti 100 za JavaScript hazina uzito mmoja, kwa kuwa picha huchorwa tu, ila msimbo sharti usomwe, utafsiriwe na uendeshwe. Kwenye simu yenye RAM ya gigabaiti 1 au 2 kazi hiyo inaonekana kwa macho: skrini inaganda, kidole kinagusa mara tatu. Wengine wanatumia Opera Mini, ambayo kwenye hali yake ya kubana sana huendesha JavaScript kwenye seva zake, tena kwa mipaka. Menyu inayofunguka kwa JavaScript pekee inaweza isifunguke kabisa. Kwa hiyo viungo viwe viungo vya kawaida vya HTML, na ukurasa usomeke hata JavaScript ikizimwa. Izime mwenyewe ujaribu, ni dakika moja.

Na ujaribu nje. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza ofisini, lakini sokoni Mwanga saa 7 mchana hakisomeki. Uwiano wa rangi ya maandishi na usuli usipungue 4.5 kwa 1, herufi zisiwe chini ya pikseli 16, na kitufe cha kugusa kiwe na pikseli 48 kwa 48, maana anayekigusa huenda ana mafuta vidoleni. Ndani ya HTML andika kuwa lugha ni "sw". Ukiacha "en" iliyokuja na kiolezo, Chrome inaweza kumwuliza msomaji kama anataka kutafsiriwa Kiswahili chake, na kisoma-skrini cha asiyeona kitasoma "migebuka" kwa matamshi ya Kiingereza.

Sasa bei. Hapa ndipo ninapoona tovuti nyingi za huku zikifa, na zinakufa zikiwa bado nzuri kwa sura. Bei ya dagaa inakwenda na mwezi, huu wa angani. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanawavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa pevu taa haina nguvu ya kuwakusanya, mitumbwi inapumzika, na bei inapanda. Ongeza mvua, ambayo huzuia uanikaji. Ongeza pia kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Fundi aliyeandika bei ndani ya picha ya tangazo, au ndani ya HTML ambayo ni yeye tu anayejua kuigusa, amemjengea mwenye duka mtego. Baada ya wiki mbili bei ile ni ya uongo. Wateja wanapiga simu, wanaambiwa nyingine, wanahisi wamechezewa. Mwisho wake mwenye duka mwenyewe anaacha kuwapa watu anwani ya tovuti yake.

Dawa ni ndogo kuliko ugonjwa. Bei zote zikae kwenye faili moja au jedwali moja la hifadhidata, kila bei na tarehe yake. Ukurasa uonyeshe tarehe hiyo wazi: "Bei ya tarehe fulani." Kisha andika sharti la mistari michache: tarehe ikipita siku 7, namba ya bei ifichwe na mahali pake pasomeke "Piga simu kujua bei ya leo". Hivyo mwenye duka akiugua au akisafiri, tovuti haisemi uongo kwa niaba yake. Ongeza hali tatu za kuchagua: wapo, wachache, ziwa limefungwa. Wakati ziwa limefungwa usizime ukurasa. Weka tarehe ya kufunguliwa, tangaza akiba iliyo stoo kama ipo, na uyapandishe mawese juu.

Upande wa mwenye duka uwe ukurasa mmoja wenye visanduku vitatu: bei ya jumla, bei ya rejareja na hali. Chini yake kitufe kimoja cha "Hifadhi". Tarehe ijiandike yenyewe. Kipimo changu ni hiki: asimame Kibirizi na simu yake mwenyewe, abadilishe bei ndani ya dakika mbili bila kuuliza. Akishindwa, kosa ni la fundi. Utajua mfumo umekubalika siku utakapouliza, "Mama, bei bado ni ileile?" na yeye akujibu, "Nishaibadilisha tangu asubuhi, mwanangu, si unaona mbalamwezi imetoka?"

Kwenye hifadhidata, shilingi ziwe namba kamili zisizo na desimali. Hatuna matumizi ya senti, na namba za desimali za kompyuta zina tabia ya kuacha vipande vidogo visivyoeleweka kwenye jumla. Kipimo nacho kiandikwe kila mara pembeni ya bei. Sado na debe ni vipimo vya ujazo, kilo ni ya uzito, na sado ya dagaa waliokauka sana haitalingana na ya waliobaki na unyevu. Kwa mawese ugomvi ni mkubwa zaidi. Dumu la lita 20 halitoi kilo 20. Mawese ni mepesi kuliko maji, lita moja ina takriban kilo 0.9, kwa hiyo dumu lina kama kilo 18. Mnunuzi aliyezoea kupima kwa mizani atadhani ameibiwa kilo mbili. Mstari mmoja chini ya bei unamaliza maneno. Ongeza wa pili: mawese huganda kwenye baridi. Dumu lililotoka Kigoma likiwa majimaji likifika Arusha au Mbeya mwezi wa saba linaweza kuwa limeganda nusu, na mteja asiyejua atasema limechanganywa na kitu. Maelezo hayo mawili yana thamani kuliko ukurasa mzima wa "Kuhusu sisi".

Fomu ya oda ifuate namna mizigo inavyosafiri hapa kwetu. Violezo vingi huja na anwani ya mtaa na msimbo wa posta, vitu ambavyo mnunuzi wa dagaa hana habari navyo. Mzigo unakwenda kwa basi au kwa treni, na mpokeaji anaufuata stendi au stesheni. Uliza jina la mpokeaji, simu yake, mji na mahali atakapopokelea. Basi. Usiulize barua pepe kwa lazima, wala tarehe ya kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, na taarifa usiyoikusanya haiwezi kukuvuja.

Namba ya simu ndiyo roho ya fomu hiyo, na ina mitego. Watu wataiandika 0754, 255754 au +255 754, wengine wataweka nafasi au vistari katikati. Usiwakemee kwa maandishi mekundu. Pokea yote, ondoa nafasi na vistari, kisha kama imeanza na 0 na ina tarakimu 10, badilisha hiyo 0 iwe 255. Ihifadhi kama maandishi, kamwe usiihifadhi kama namba, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea. Excel nayo ina tabia hiyohiyo ukifungua orodha ya oda bila kuiambia kuwa safu ile ni maandishi. Na kwa Kigoma kuna kosa la pekee: fomu inayokataa kila kisichoanza na 255. Soko letu linavuka ziwa. Mnunuzi wa Bujumbura ana +257 na tarakimu 8 tu baada yake, wa Uvira au Kalemie ana +243 na tarakimu 9, wa Mpulungu ana +260. Ukilazimisha tarakimu 9 kwa kila mtu, umemfungia mlango Mrundi mwenye fedha mkononi.

Saa nazo ziangaliwe. "Tunafungua saa 8 asubuhi" ni tafsiri ya mashine, na mteja atabaki anajiuliza. Andika saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Upande wa seva, nyingi zinatumia saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Oda iliyotumwa saa 2 usiku inaandikwa saa 11 jioni, na ile iliyoingia kati ya saa 6 na saa 9 usiku inaandikiwa tarehe ya jana. Mwenye duka anayefunga hesabu kila siku atakosa ulinganifu na hatajua kwa nini. Hifadhi kwa UTC kama ulivyozoea, ila onyesha kwa saa za Dar es Salaam.

Oda ikishaandikwa iende wapi? Kwa uzoefu wangu barua pepe za fomu huishia kwenye folda ya taka, kwa sababu seva inatuma kwa jina la kikoa (anwani ya tovuti) ambacho hakijawekewa rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwake kweli. Hata zikifika, mwenye duka hafungui barua pepe. Njia iliyo salama kwa biashara ndogo ni kitufe kinachofungua WhatsApp na ujumbe ulioandaliwa: aina, kiasi, mji, jina. Kiungo kinaanza na wa.me, kisha mkwaju, kisha namba yenye 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Ukisahau na kuandika 2550754, kiungo kitafunguka lakini kitasema namba haipo WhatsApp, na hutapata taarifa yoyote ya kosa. Kigonge mwenyewe kutoka simu mbili tofauti. Pembeni yake weka kiungo cha kupiga simu moja kwa moja, maana kuna wanaotaka kusikia sauti kabla ya kutoa hela, na wana haki.

Malipo ya kuunganisha moja kwa moja kwenye tovuti yanadai nyaraka za biashara, makato na matengenezo. Muuzaji wa oda tano kwa wiki hayahitaji. Aanze na lipa namba yake, iandikwe pamoja na jina litakalotokea mnunuzi anapolipa, ili alilinganishe kabla hajaingiza namba ya siri. Kila oda iwe na namba fupi ya tarakimu nne ya kutajia. Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limeumiza watu wengi: picha ya skrini si malipo. Ujumbe wa simu unaweza kuandikwa na mtu yeyote na kufananishwa na wa mtandao. Mzigo usitoke hadi mwenye duka aangalie salio au taarifa ya akaunti yake mwenyewe.

Simshauri kila mtu awe na tovuti. Anayeuza rejareja kwa watu wa mtaani wa Gungu anafaidi zaidi akiweka duka lake kwenye ramani ya Google, akafungua WhatsApp Business yenye katalogi, na akajibu ujumbe kwa wakati. Yote hayo ni bure. Tovuti inaanza kuwa na maana mteja asiyemjua anapomtafuta: mwenye mgahawa Dodoma anayeandika "dagaa wa Kigoma bei ya jumla" kwenye simu. Basi maneno hayohayo yawe kwenye kichwa cha ukurasa, badala ya "Karibu kwenye tovuti yetu". Na kwa kuwa kiungo kitazunguka kwenye magrupu, andaa picha ya kutangulia inayojitokeza WhatsApp, iwe chini ya kilobaiti 300. Watu wengi wataiona hiyo tu na kuamua hapo.

Kuhusu zana, swali langu ni moja: nani ataigusa baada ya miezi sita, mimi nisipokuwepo? WordPress, mfumo wa kujengea na kuendeshea tovuti, inafaa pale ambapo kuna mtu wa kuandika na kupandisha vitu kila wiki, na kuna mtu wa kuisasisha. Bila huyo wa pili ni mlango wazi, kwa sababu plagini, yaani viongezi vyake, zisizosasishwa ndizo zinazoingiliwa. Mandhari za kulipia (sura za tovuti zilizotengenezwa tayari) zinazogawiwa bure usizisogelee. Zilizofunguliwa kufuli mara nyingi zimepandikizwa msimbo wa kuelekeza wageni wako kwenye tovuti za kamari. Kwa ukurasa wa dagaa na mawese, HTML ya mkono, faili moja la CSS la kupanga sura na hati fupi ya kubadilisha bei vinatosha, na jumla yake bila picha inaweza isifike kilobaiti 30. Msimbo uutunze kwa Git, programu inayoweka historia ya mabadiliko, hata ukiwa peke yako, na uhifadhi hatua ndogondogo. Umeme ukikatika unapoteza dakika kumi za kazi na si siku nzima. Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Mara moja kwa miezi mitatu rudisha nakala hiyo kwenye folda tupu uone kama inafunguka, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni nakala au ni faili tu.

Kuna jambo ambalo mafundi tunapaswa kulionea aibu, nalo ni funguo. Fundi anasajili kikoa cha .co.tz kwa jina lake, kwa barua pepe yake, ndani ya akaunti yenye wateja wengine ishirini. Anahama au anabadilisha namba. Mwaka unaisha, notisi ya kulipia inakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua, na asubuhi moja tovuti haipo. Mwenye duka amechapisha anwani hiyo kwenye mifuko, kwenye risiti, kwenye ubao, na hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba ni yake. Kikoa kisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe aliyoifungua yeye na inayofunguka kwenye simu yake. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, asiwe mmiliki. Vyeti vya HTTPS (vya kusimba mazungumzo ya tovuti) vya bure vya Let's Encrypt vina uhai mfupi na hujihuisha vyenyewe seva ikipangiwa hivyo, ila vitashindwa kama kikoa kimeelekezwa seva nyingine na mtu akasahau ile ya zamani. Vivyo hivyo unapohamisha tovuti: siku mbili kabla, punguza TTL ya rekodi za kikoa, yaani muda ambao mitandao hukumbuka seva yako iko wapi, hadi sekunde 300. Ukiiacha kwenye 86400, kuna wateja watakaoendelea kupelekwa seva ya zamani siku nzima na oda zao hutaziona.

Siku ya makabidhiano nenda na daftari la kawaida la kaunta. Ukurasa wa kwanza andika jina la kikoa, kimesajiliwa kwa nani, na tarehe ya kulipia. Tarehe hiyo iingie pia kwenye kalenda ya simu ya mwenye duka, siku 60 kabla. Wa pili, seva iko wapi na inalipiwaje. Wa tatu, hatua za kubadilisha bei, kwa maneno yake mwenyewe wala si yako. Maneno ya siri yasikae humo, yakae kwenye simu yake na bahasha iliyofungwa nyumbani. Kisha mikono yako iweke nyuma. Mwache afungue ukurasa wa bei, aandike, akosee, arudi, ahifadhi. Mpe afute bei zote na achague "Ziwa limefungwa" kwa majaribio, halafu aombe simu ya jirani wa meza ya pili afungue tovuti kwa bando la huyo jirani. Jirani akisoma kwa sauti kilichoandikwa pale, mwambie mama arudishe bei ya leo, naye airudishe mwenyewe.